Nguvu ya Kukataa: Taasisi za Mahali na Biashara za Kijamii Afrika Mashariki

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Mongo wa Mono, katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, walikabidhiwa hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000. Hati za kimila zilizozoeleka zilikuwa za mtu au kaya: shamba la fulani, kiwanja cha fulani. Hii ilikuwa ya jamii nzima inayoishi kwa kurina asali, kuchimba mizizi na kuwinda, jamii ambayo kwa miongo mingi mashamba na mifugo ya majirani yalikuwa yakiisogeza pembeni kidogo kidogo. Asasi iliyohangaikia hati hiyo ni Ujamaa Community Resource Team, ambayo kiongozi wake, Edward Loure, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya kuzipatia jamii za kaskazini hati za namna hiyo. Baada ya hati ndipo biashara ya hewa ukaa ilipowezekana: kampuni ya Carbon Tanzania ikaingia makubaliano na wenye ardhi, msitu ukalindwa usifyekwe, hewa ukaa iliyookolewa ikapimwa na kuuzwa nje, na mapato yakaanza kulipia walinzi wa msitu, matibabu na ada za shule.

Masimulizi ya ujasiriamali wa kijamii kwa kawaida huanza pale kampuni inapofika. Anatajwa mwanzilishi mwenye maono, mtaji wake wa kwanza, tuzo alizopata. Kwa Yaeda, nadhani nusu ya kazi ilikwisha kabla kampuni haijagonga hodi. Kabla ya hati, Mhadzabe aliyeulizwa kama anaafiki mradi asingekuwa na cha kukubali wala cha kukataa. Msitu ulikuwa wa yeyote mwenye jembe na ubavu. Baada ya hati akawa na kitu ambacho mwekezaji hawezi kukipata mahali pengine, nacho ni kibali cha mtu anayeweza kukinyima.

Tukubaliane maneno haraka. Biashara ya kijamii ni ile inayouza kitu au huduma ili kupunguza shida ya watu, na sehemu kubwa ya faida yake ikarudi kwenye kazi hiyohiyo. Taasisi za mahali ni zile zinazoamua nani afanye nini katika eneo: mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri yake, chama cha msingi cha mazao, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, kikoba cha kuweka na kukopa, kamati ya msikiti au parokia, baraza la wazee, pamoja na kanuni zisizoandikwa ambazo kila mtu anazijua. Katika semina na warsha taasisi hizi huitwa “mazingira wezeshi”. Sipendi msemo huo. Unazifanya zionekane kama hali ya hewa, jambo ambalo mjasiriamali analikuta na kulivumilia, akiombea jua. Ukweli ni kwamba taasisi ya mahali ni upande wa pili wa mkataba, na upande usioweza kukataa si upande. Ndiyo yake haina bei.

Goran Hyden aliandika mwaka 1980 kitabu kuhusu Tanzania, *Beyond Ujamaa in Tanzania*, akieleza jinsi mkulima mdogo alivyokuwa anaweza kuikwepa serikali na soko kwa kuegemea uchumi wa undugu: ndugu, jirani, ukoo, hisani inayolipwa kwa hisani. Kwa Hyden hilo lilikuwa tatizo la maendeleo, kwa sababu mkulima asiyenaswa hawezi kuongozwa. Miaka kumi baadaye Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya malisho, misitu na mifereji ya maji kutoka mabara kadhaa kwamba mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wanapoweza kuweka mipaka, kuwazuia wasiohusika na kutunga kanuni zao bila mamlaka ya juu kuzivuruga. Ukisoma vitabu hivyo viwili pamoja, kasoro aliyoiona Hyden inageuka kuwa sharti la Ostrom. Kwa kile kinachotokea leo vijijini kwetu, mimi niko upande wa Ostrom.

Msituni na baharini

Tanzania Bara ina sheria mbili ambazo wajasiriamali wa mijini hawazijui vya kutosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake, na halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia na kubaki na mapato yake.

Wilayani Kilwa sheria hizo zimezaa kitu. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuchora mipaka na kupanga uvunaji, na mwaka 2009 likapata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo, mti ambao mbao yake hutumika kutengeneza zumari za Ulaya kama klarineti na obo, ulikuwa ukiondoka Kilwa kwa bei ya kutupwa. Mfanyabiashara alikuwa akija na leseni kutoka wilayani, anakata, anaondoka, na kijiji kinabaki na visiki. Kilipopata msitu wake kisheria, kijiji kikawa muuzaji anayetaja bei. Nanjirinji A, kijiji kilichouza mbao nyingi, kilitumia fedha zake kwa majengo ya shule na huduma nyingine ambazo kwa kawaida watu husubiri ahadi ya mbunge.

Kuna mpaka wa kukumbuka, maana bila huo nitakuwa natia chumvi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na eneo la kijiji linalozidi hekta 250 likitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, neno la mwisho ni la waziri. Kijiji kinaweza kukataa, ila kukataa kwake kuna dari.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, hadithi ni tofauti kidogo na kwa maoni yangu inafundisha zaidi. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali. Wakazi wa Gazi na Makongeni hawana hati ya hekta 117 za mikoko ambazo mradi wao, Mikoko Pamoja, umekuwa ukizitunza na kuuza hewa ukaa yake tangu mwaka 2013. Walicho nacho ni makubaliano na Shirika la Misitu la Kenya kupitia chama cha jamii cha misitu, utaratibu uliofunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005. Kwa kanuni yangu mradi huu ungepaswa kuwa dhaifu, maana uwezo wao wa kukataa ni wa kuazima. Hata hivyo mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha mradi kama huo kwenye eneo kubwa zaidi.

Sababu moja ni muda. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo Gazi, na watafiti wake wakiongozwa na James Kairo walikuwa wakipanda mikoko pamoja na wanakijiji tangu miaka ya 1990, muda mrefu kabla mtu hajataja soko la hewa ukaa. Mikoko ya pale ilikuwa imekatwa vibaya kwa kuni za viwandani miaka ya 1970, na watu waliona wenyewe samaki wakipungua na pwani ikilika. Mtafiti aliyepanda miche na mama zako kwa miaka ishirini hahitaji kujitambulisha kwa barua. Kingine ni namna ya kugawa fedha. Kamati huchaguliwa na wanakijiji, na matumizi hujadiliwa barazani, mbele ya watu: maji ya bomba kwanza au vitabu vya shule kwanza. Pembeni, ili mtu asirudi kwenye mikoko kutafuta nguzo, ikapandwa mivinje. Wanawake wa Gazi tayari walikuwa na kikundi chao kinachoendesha daraja la mbao ndani ya mikoko kwa kiingilio cha wageni, kwa hiyo kijiji kilikuwa na mazoea ya kuhesabu fedha za pamoja.

Jambo la mwisho halisemwi sana: fedha zenyewe ni kidogo. Takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, mapato ya zaidi kidogo ya dola 10,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Kiasi hicho kinatosha kuvuta bomba la maji, hakitoshi kumvuta mwanasiasa. Fedha ndogo zina heri yake. Kama mikoko ile ingeingiza mara mia ya hapo, sina hakika makubaliano ya kuazima yangeistahimili hamu ya wakubwa.

Kwa nini ninasema hivyo? Tazama Isiolo. Kaskazini mwa Kenya kuna mradi wa hewa ukaa ya udongo wa malisho, karibu hekta milioni mbili, unaoendeshwa kupitia hifadhi za jamii. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa Merti, kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishwaji wa umma unaostahili. Ardhi yao ilikuwa ya jamii ambayo haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na ardhi isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Hapo ndipo penye funzo. Hifadhi zilikuwa na bodi, walinzi, magari na vikao. Zilikosa kitu kile cha Yaeda: mwenye mali anayetambulika kisheria, aliyeulizwa wakati jibu lake lingeweza kuwa hapana. Wafugaji hao walikataa hatimaye, lakini walilazimika kukataa mahakamani, wakiwa wamechelewa miaka mingi, na kwa gharama kwa kila upande.

Kenya imejifunza kitu. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanadai makubaliano ya maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Ni hatua. Lakini asilimia haiwezi kuchukua nafasi ya hati. Anayepewa asilimia 40 bila uwezo wa kuvunja mkataba ni mpokea mgao, si mshirika.

Sanduku lenye kufuli tatu

Tuache ardhi, twende kwenye fedha, maana huko ndiko taasisi ya mahali inakoonekana kila Jumamosi jioni chini ya mwembe.

Mfumo wa kikoba tunaoufahamu leo ulitokana na kazi ya shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukafika Zanzibar na Bara miaka ya 2000 na kukutana na upatu na vyama vya kufa na kuzikana vilivyokuwepo tangu zamani. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, mikopo inatangazwa mbele ya wote, anayechelewa analipa faini, na mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa, kila mtu anaondoka na chake. Biashara ngapi ndogo za huduma kwa jamii, za unga lishe, sabuni, taulo za kike, zimepata mtaji wa kwanza hapo badala ya benki!

Kinachosahaulika ni kwamba nguvu ya kikoba inaanzia mlangoni. Kikundi kinachagua wanachama wake. Fulani anakopa na kuhama, hatumtaki. Fulani mumewe huzua ugomvi, asubiri. Ni ukali, na mara nyingine ni uonevu. Maskini kuliko wote, mgeni, mama asiye na ndugu kijijini huachwa nje. Lakini marejesho yanatokana na ukali huohuo.

Sasa linganisha na mikopo ya asilimia 10. Kwa sheria, kila halmashauri Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nia ni njema, hakuna ubishi. Hakuna nchi nyingi zilizoamua kwa sheria kwamba ushuru wa soko la mji mdogo urudi kwa mama muuza mboga bila riba. Ila kikundi kilichozaliwa ili kipate mkopo ni kitu kingine kabisa na kikundi kilichokuwepo kabla ya mkopo. Watu wanaitana haraka, wanatafuta majina yatimie, wanachagua mwenyekiti anayemjua ofisa maendeleo ya jamii, fedha zinaingia, zinagawanywa, kikundi kinakufa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikataja mabilioni ambayo hayajarejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 serikali ikaisitisha mikopo hiyo, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia fedha benki.

Benki inaweza kusaidia kuhakiki majina. Haiwezi kumjua mtu anayekopa na kuhama. Dawa, kwa maoni yangu, ingekuwa kuvikopesha vikundi vyenye historia, tuseme vilivyovunja mzunguko mara mbili na kuanza upya, kisha kuviachia vyenyewe kazi ya kukataa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuzipa halmashauri jukumu la kuvisajili kwa niaba ya Benki Kuu, kwa hiyo kumbukumbu zipo. Tatizo ni kwamba kikundi kizuri hakina haraka, na bajeti ya mwaka wa fedha ina haraka.

Kahawa, korosho na kumbukumbu ndefu

Anayeanzisha biashara ya kijamii katika mazao hukuta kwamba wakulima walishawahi kuahidiwa haya yote. Chama cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925 na Wachaga wenyewe, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi, ili kuwatetea dhidi ya walowezi ambao hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya ushirika mwaka 1932, na 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Kilichokuwa chama cha kujitetea kikageuka mnunuzi pekee: kahawa yote ya Mchaga ilitakiwa ipitie humo. Bei ya dunia iliposhuka, mwaka 1937 wakulima wakafanya ghasia dhidi ya chama kilekile walichokiita chao.

Miaka mingi baadaye hali ikajirudia. Mwaka 1976 serikali huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi mazao kwa mamlaka za serikali; sheria ya 1982 ikavirudisha, kwa amri ya juu tena. Korosho ilipoingizwa katika stakabadhi ghalani Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima alipaswa kupeleka mzigo wake kwa chama cha msingi, AMCOS, ukauzwa kwa mnada. Aprili 2013, malipo ya pili yalipokuja chini ya matarajio, wilaya ya Liwale ikawaka moto, nyumba za viongozi zikachomwa. Msimu wa 2017/18 bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mfumo ukasifiwa kila mahali. Mwaka uliofuata wanunuzi na serikali wakavutana, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaliagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300.

Sidai kwamba stakabadhi ghalani ni mbaya. Mnada umemwokoa mkulima na kangomba, ule ununuzi wa vichochoroni kwa kipimo cha ulaghai, na hilo ni jambo kubwa. Lakini fikiria mjasiriamali wa kijamii anayetaka kubangulia korosho kijijini, awaajiri wanawake, alipe zaidi ya mnada kwa sababu anauza iliyobanguliwa badala ya kusafirisha ghafi kwenda India. Hana ruhusa ya kununua moja kwa moja kwa mkulima anayemjua. Anasimama mnadani na wenye mifuko mirefu. Na mkulima anayetaka kumuuzia hana njia. Taasisi iliyoundwa kumlinda mkulima imemnyang’anya kukataa, na ikachukua pamoja nako uwezo wake wa kuchagua mshirika. Ndiyo maana anapokuja mtu na neno “ushirika”, wazee hukunja uso kwanza. Si wajinga. Wanakumbuka.

Wanaokataa wengi mno

Nikiishia hapo, msomaji makini ataniuliza: na yule mjasiriamali anayekataliwa na kila ofisi? Swali ni la haki. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ni hifadhi ya matumbawe inayoendeshwa na kampuni binafsi isiyogawa faida. Mjerumani Sibylle Riedmiller aliianza mwaka 1991, serikali ikatangaza hifadhi mwaka 1994, wageni wakaanza kupokewa 1998. Mapato ya hoteli ndogo ya nyumba saba yanalipia ulinzi wa miamba na ziara za bure za wanafunzi, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji jirani. Mwanzilishi ameeleza wazi jinsi vibali vya idara nyingi vilivyorefusha kazi na kuongeza gharama. Pale kila idara ilikuwa na hapana yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mwenye mali. Ni kizuizi cha barabarani, si haki ya mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ipo hata ndani ya kijiji. Mwenyekiti anachaguliwa na wananchi. Mtendaji anaajiriwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kina vichwa viwili, na mgeni mwepesi huishia kwa kile chenye mhuri. Anapata saini ya mtendaji, anapiga picha, anaondoka akiamini kijiji kimekubali. Mkutano mkuu haukuitishwa, au uliitishwa siku ya gulio. Upande wa Kenya kuna chifu wa serikali kuu na msimamizi wa wadi wa kaunti, kila mmoja na baraza lake. Posho ya kikao nayo, tuseme ukweli, imeharibu mikutano mingi kuliko mvua.

Wengine wamechagua kuzikwepa taasisi hizi kabisa, na kwa bidhaa fulani inawezekana. Kampuni ya M-KOPA ilianza Kenya mwaka 2012 kwa kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Usipolipa, kifaa kinajizima. Haihitaji dhamana ya jirani wala ruhusa ya chifu, wakati shirika la One Acre Fund, lililoanzia Bungoma mwaka 2006, lilijenga mikopo yake ya mbegu na mbolea juu ya vikundi vya wakulima wanaodhaminiana. Taa ni ya mtu mmoja, inaweza kujizima bila kumgusa mwingine. Bomba la maji la kijiji ni jambo jingine. Unaweza kufunga koki ya kadi na kuhesabu kila ndoo, lakini bei ya ndoo, nani asilipishwe, pampu ikiharibika nani achangie, yote hayo yanarudi kwenye chombo cha watumia maji ambacho sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2019, iliyounda wakala wa maji vijijini, RUWASA, imekitambua. Hakuna programu ya simu inayoweza kupanga bei ya maji ya bibi mjane.

Kuhusu suala la usajili nitapita haraka, kwa sababu wanasheria wamelichosha. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 Tanzania yalizitaka kampuni zisizogawa faida zinazofanya kazi za kijamii zihamie usajili wa asasi zisizo za kiserikali; matokeo yake wengi wanaishi na vichwa viwili, asasi ya kupokea ruzuku na kampuni ya kuuza. Kenya ilianza kuitumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma Mei 2024, miaka kumi na moja baada ya kupitishwa. Hakuna sheria hata moja kati ya hizo inayoitambua biashara ya kijamii kwa jina lake.

Cha ajabu ni kwamba Pwani ilishakuwa nayo kwa karne nyingi. Mtu anaweka wakfu nyumba ya kupangisha Mombasa au shamba la minazi Unguja, na mapato yake yanaendesha msikiti, madrasa, kisima. Ni mali inayozalisha, faida haigawanywi, lengo ni watu. Na sharti la mwekaji wakfu linamfunga mwangalizi hata baada ya miaka mia: hapana ya marehemu bado inafanya kazi. Mali nyingi za wakfu zimechakaa kwa kodi zisizopandishwa na usimamizi wa mbali, lakini muundo wenyewe unastahili kusomwa na vijana wanaokimbilia kuiga kanuni za Ulaya.

Miaka mitano dhidi ya thelathini

Swali ambalo naona halijapewa uzito ni la muda. Halmashauri ya kijiji Tanzania huchaguliwa kwa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Mikataba ya hewa ukaa huenda miaka ishirini, thelathini na zaidi. Wajumbe wengi waliotia saini watakuwa wazee au marehemu kabla mkataba haujaisha, na wajukuu watakuta wajibu waliotungiwa kabla hawajazaliwa. Ikiwa mkataba uko kwa Kiingereza tu na nakala iko kwenye kompyuta ya kampuni, kijiji kilichokuwa na uwezo wa kukataa siku ya kwanza hakina tena uwezo huo siku ya elfu. Kila halmashauri mpya ingepaswa kusomewa mkataba kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, na mkataba uwe na kipengele cha kuupitia upya kila uchaguzi unapomalizika. Mwekezaji atalalamika kwamba wanunuzi wanataka uhakika. Alalamike, uhakika unaotegemea watu kutosoma hauna maisha marefu, Isiolo ni shahidi.

Na mtihani ujao huenda usitoke kwa kampuni. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata vimekuwa vikipokea fedha za hewa ukaa zinazohesabiwa kwa mabilioni ya shilingi, na halmashauri ya wilaya nayo ina fungu lake. Fedha za kiasi hicho hubadilisha adabu za watu. Siku wilaya itakaposema inajua vizuri zaidi ya kijiji mahali pa kujenga zahanati, ndipo tutakapojua kama mkutano mkuu wa kijiji bado unaweza kukataa.